Deki ya Okazyo ya Mama Christa

Siku Daphrose alipoipeleka deki nyumbani, aliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na kila aliyemkaribia kwenye vichochoro vya Bwiza alikemewa. "Pita kule! Hauone nabeba kitu?" Watu wakampisha, wengine wakicheka, maana Bwiza nzima inamjua. Ndiye Mama Christa, muuza unga wa muhogo, mjane wa Pontien, mwili mwembamba na sauti ya kuamsha mtaa. Huyu hanunui hata kiberiti bila kumwuliza mwenye duka kimetoka wapi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo kanunua deki ya okazyo! Okazyo, hapa Bujumbura, ni kitu ambacho mwenye pesa amekitumia akakichoka, kikafutwa vumbi, na wewe ukaambiwa ni bahati yako. Deki yenyewe ilitoka kwenye jumba moja kule Kiriri ambalo wenyewe walikuwa wanahama. Fundi Gélase aliichukua, akaifungua, akaibadilishia jicho linalosoma diski, akaipaka rangi nyeusi na kuiweka mbele ya kibanda chake ionekane na wapita njia.

"Ni mupya kabisa, mama," Gélase alimwambia.

"Mupya gani hii inanuka rangi? Na hiki kidonda hapa pembeni?"

"Hiyo ni alama tu. Ndani iko mupya."

"We uliingia ndani ukaona?"

"Si mi ndiye nilitengeneza, mama!"

"Basi telekomande iko wapi?"

Gélase akakuna kichwa. Telekomande ilikuwa imepotelea huko huko Kiriri. Deki ilibaki na vibonye vitatu tu usoni: cha kufungua, cha kuanzisha na cha kusimamisha. Hakuna kuruka mbele, hakuna kurudi nyuma. Ukitaka kuona mwisho wa diski, kaa uangalie tangu mwanzo. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa sababu tosha ya kuondoka. Daphrose alisonya, akaondoka kweli, akafika kona, akarudi. Kwake diski ilikuwa moja tu duniani, na hiyo angeiangalia hata kwa kusimama mguu mmoja.

Ilikuwa diski ya harusi ya Christa, binti yake mkubwa, ambaye sasa anaishi Rumonge na mumewe. Siku ile Pontien alisema. Na Pontien akisema, watu waliweka chupa chini. Huku Burundi mahari haipelekwi kimya kimya. Familia mbili hukaa zikitazamana, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao huchokozana, husifiana, hubishana kwa adabu mpaka binti apatikane, na ukumbini siku ya harusi husema tena. Pontien aliitwa na watu wa mji mzima awasemee. Ila maneno yenyewe aliyapika nyumbani. Aliyajaribu kwanza kwa mkewe, na mkewe, huku akichekecha unga, alimkata: "Hapo umerefusha. Hapo unajisifu. Toa hiyo ng'ombe, weka mutoto." Kesho yake Pontien alikwenda kusema kama alivyorekebishwa, na sifa zikawa zake.

Lakini mwisho wa hotuba ya harusi ya Christa, Daphrose hakuusikia. Alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, kwenye mishikaki, kwa sababu wasichana waliopewa kazi hiyo walikuwa wameikimbia kwenda kucheza. Alisikia makofi, alisikia vigelegele, kisha wanawake wakamjia mbio: "Mama Christa, mume wako amesema! Amemusema Orlane, kitinda mimba wako, na wewe amekusema!" Amesema nini? Kila mmoja akaeleza lake, na wote walikuwa wamekunywa. Alipomwuliza Pontien mwenyewe, mwanamume akacheka mpaka akakohoa. "Ngojea DVD," akasema. "Utajisikilia mwenyewe."

Mpiga picha naye alikuwa mtu wa kesho. Kesho, kesho, mpaka kifua cha Pontien kikamshinda, wakamzika, ndipo diski ikaletwa. Daphrose hakuwa na moyo wa kuitia kwenye mashine. Aliifunga ndani ya kitenge akaisukuma chini kabisa ya sanduku, na siku alipopata moyo, radi ilikuwa imeshaunguza deki yao ya zamani. Miaka ikapita hivyo hivyo. Kompyuta za siku hizi nazo hazina hata pa kutilia diski.

Sasa Orlane, yule kitinda mimba, alikuwa ameposwa. Kijana ni Fabrice wa Gasenyi, mpole, mwenye kazi, na wazazi wake walikuwa wameshaomba siku ya kuleta mahari. Kila mtu alikuwa tayari isipokuwa bibi arusi mwenyewe.

"Mi sitaki sherehe ya mahari," Orlane alisema. "Twende kwa padri, tumalize. Nani atanisemea? Baba mudogo Jovithe? Atasema habari ya gari yake mpaka watu walale. Christa alikuwa na baba, mama. Mi sina."

Neno hilo lilimkata Daphrose maini. Ni kweli Orlane alikuwa mdogo mno Pontien alipokufa. Hata sauti ya baba yake alikuwa ameisahau. Daphrose akataka jambo moja tu: kabla wakwe hawajafika, mtoto amsikie baba yake akimtaja kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo maana deki isiyo na telekomande ilibebwa kifuani.

Nyumbani ikapewa heshima zake. Sebule ya Daphrose ina viti vya mbao, meza, televisheni, na hakuna hata kimoja kilicho uchi. Kila kitu kimevalishwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake: viti mgongoni, meza, televisheni, hata redio iliyokwisha kufa. Nyumba yenye vitu visivyofunikwa, kwake, ni nyumba isiyo na mwenyewe. Basi deki nayo ikavikwa kitambaa kizuri kuliko vyote, cheupe, kizito, chenye satini nyekundu upande wa chini, kikaning'inia nyuma na pande zote mbili, ukabaki wazi uso tu. Juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki na picha ya Pontien kwenye fremu. Akarudi nyuma akatazama. Ile alama ya pembeni haikuonekana tena.

"Kumbe ni nzuri," akakiri. "Ukiiona hivi hauwezi kusema ni okazyo."

Orlane alikuwa amekunja uso mlangoni, lakini alikuja akakaa. Diski ikamezwa, mashine ikanguruma kidogo, Daphrose akashika kifua. Picha ikatokea! Safi, ina rangi zake zote! Maua ya kanisani. Tena maua. Mpiga picha yule alipenda maua mno, Mungu amsamehe. Kisha Christa akashuka garini, kisha misa, kisha ukumbi, keki, ngoma.

"Angalia magauni tulivaa!" Orlane akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kununa, akacheka. Daphrose akawaza moyoni kwamba alikuwa amemwonea bure fundi yule.

Ndipo Pontien akasimama. Koti la kuazima, mabega mapana, kipaza sauti kikiwa karibu mno na mdomo. Akakohoa. "Bon, wapendwa..." akasema, na picha ikaganda, mdomo wazi. Ikakatika vipande vipande. Ikawa giza.

"Mana yanje!" Daphrose akaruka kutoka kitini.

Wakabonyeza, wakazima, wakawasha. Wakaiacha ipumzike kidogo, wakaanza upya: maua, maua, Christa akashuka garini. Safari hii hata misa haikuisha. Kesho yake wakajaribu tena, ikafika kwenye keki ikafa. Pontien aliyekuwa akisubiriwa miaka yote hiyo hakusema hata neno la pili.

Orlane akainuka, akavuta kanga yake. "Umeona? Hata kwa DVD hataki kunisemea."

Daphrose alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliivua deki kitambaa chake, akakikunja vizuri, akaibeba mashine mpaka kwa Gélase, na mtaa mzima ukapata habari.

"We mwizi! Uliniuzia maiti imepakwa rangi!"

"Mama, ngojea kwanza..."

"Mi singojee! Nimengoja ya kutosha!"

Gélase akaichomeka hapo hapo kibandani, akatia filamu moja ya ngumi, na mashine ikafanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, watu wa baa ya jirani wakiwa wamesimama kuangalia bure. Daphrose alisimama mikono kiunoni akisubiri ife. Haikufa. Aibu gani hiyo, mbele za watu!

Akaileta na diski yenyewe. Gélase akaigeuza kwenye mwanga, haina hata mkwaruzo. "Basi ni umeme wa kwako," akasema, na akafuatana naye mpaka nyumbani na kipimo chake. Daphrose hana ubaya na mgeni. Akamtolea deki mezani, tupu, bila kitambaa wala maua, ili fundi apate pa kushika, na soda akamletea. Gélase akapima huku, akapima kule, akatikisa kichwa kwa hekima nyingi. Umeme wa mtaa huu una nguvu kidogo, akasema. Ukweli ni kwamba hakujua, lakini ni fundi gani umemsikia akisema sijui? Alipoondoka, Daphrose akaivisha deki nguo zake, akawasha. Padri hakufika hata kwenye mahubiri.

Jumapili akapita Jovithe, mdogo wake Pontien, na gari lake akaliegesha katikati ya njia ili kila mtu aulize ni la nani. Tangu mazishi alikuwa hajaikanyaga nyumba hiyo zaidi ya mara chache, lakini harufu ya sherehe aliisikia.

"Shemeji, mi niko tayari," akasema akiwa bado amesimama. "Nitasema. Nani mwingine? Mwanamuke hawezi kusimama pale."

Daphrose mwenyewe, pamoja na mdomo wake wote, hakuwahi kuona mwanamke akiwa msemaji siku ya mahari. "Tutaona, shemeji," akasema. Chumba cha pili mlango ukabamizwa, na wote wawili walijua ni nani aliyeubamiza.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alijikaza kisabuni, akaanza kazi ambayo haina msamaha: wakwe hawaji kukuta vitambaa vya wiki iliyopita. Akavikusanya vyote, vya viti, vya meza, vya televisheni, na kile kizito cha satini, akavifua, akapika uji mwembamba wa unga wa muhogo, akavichovya ili vikikauka visimame wima. Ndivyo wanawake wa hapa wanavyofanya, na Mama Christa, mwenye unga wake mwenyewe, huchovya kuliko wote. Ua wote ukajaa weupe. Ndani, sebule ikabaki uchi wa mnyama.

Orlane alimsaidia kimya kimya. Alikuwa amekubali kufua. Kuolewa kwa sherehe bado.

"Washa hiyo takataka," Daphrose akamwambia, mikono imejaa uji. "Kwaya ya kanisani ituimbie tukifanya kazi. Ikikufa, ikufe."

Orlane akawasha, akarudi uani. Kwaya ikaimba. Wakakamua, wakatandaza, wakavuta kila kona ikae sawa. Hakuna aliyekuwa anasikiliza. Misa ikaisha, ngoma zikalia, zikanyamaza, na wao wakaendelea kubishana kama jua linatosha. Kisha ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Daphrose alikijua kikohozi kile. Kitambaa kikamponyoka, kikaanguka kwenye vumbi.

"Bon, wapendwa," Pontien alikuwa anasema walipofika mlangoni wakisukumana, "nimetoa mukubwa wangu, na ameenda pazuri. Mi nashukuru. Lakini musikae bado. Niko na mwingine. Nani amemuona Orlane?"

Picha ikayumba, ikamtafuta, ikainama. Chini ya meza ya keki kulikuwa na mtoto mwenye gauni la njano na krimu mpaka puani. Ukumbi mzima ukacheka.

"Huyo! Mumuangalie vizuri huyo mwizi wa keki. Siku moja watu watakuja kumuomba, na watatoka jasho, maana huyo simutoi kwa urahisi. Nikiwako, nitasema mi mwenyewe. Lakini kifua changu munakijua." Akakohoa tena, akafuta mdomo, akatabasamu. "Kama siko, musihangaike kutafuta musemaji. Yale maneno yote munanipigiaka makofi, nani ananipangiaka? Mama Christa. Mi ni redio tu. Mwenye kusema ako kule jikoni, anachunga mishikaki isiungue. Basi siku ya Orlane, muache mishikaki iungue. Mama Christa asimame, aseme."

Makofi. Vigelegele, vile vile alivyovisikia Daphrose siku ile akiwa na moshi machoni. Alikaa chini sakafuni, mikono yake ya uji mapajani, akalia kwa sauti, bila aibu. Orlane naye akalia, akicheka humo humo, akirudia, "Ameniita mwizi wa keki, mama! Baba ameniita mwizi wa keki!" Wakashikana, wakapakana uji mpaka kwenye nywele.

Deki ikaendelea mpaka mwisho kabisa, mpaka maua mengine ambayo mpiga picha alikuwa ameyaweka akiba. Daphrose akajivuta, akaigusa mgongoni. Palikuwa na matundu madogo, mstari baada ya mstari, na hewa ya moto ilikuwa inatoka humo. Akatazama uani, kile kitambaa chake kizito cha satini kikiwa kwenye kamba. Akatazama deki. Akajipiga paji la uso.

"Yebabawe! Kumbe ni mi nilikuwa naiziba pumzi!"

Jioni akampelekea Gélase bakuli la ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na kumwomba radhi mbele ya watu wale wale. "Mi nilijua tu ni mambo ya kupumua," akasema Gélase, mwongo huyo, na Daphrose kwa siku hiyo moja akamwachia.

Jovithe naye aliitwa. Alikuja na maneno tayari mdomoni, akakalishwa kwenye kiti, akaambiwa nyamaza uangalie, na hakuna kuruka mbele. Akaangalia maua yote. Kaka yake aliposimama na koti la kuazima, Jovithe akavua kofia. "Koti ni yangu hiyo," akasema polepole. Hotuba ilipoisha alikuwa analia kuliko wanawake, na Daphrose akamtupia kitambaa cha kiti ajifute, kilichonyooka kwa uji mpaka kikamkwaruza pua. Hakuzungumzia gari hata kidogo.

Siku ya mahari, watu wa Gasenyi walifika na vinywaji vyao na adabu zao, wakakaa upande wao. Viti vyote vilikuwa vimevaa. Deki peke yake ilikaa wazi mezani pake, na alama yake ya pembeni, picha ya Pontien ikiwa kando yake na si juu. Orlane alikuwa amefichwa nyuma ya pazia akisubiri kuitwa. Alikuwa ameomba mwenyewe afichwe vizuri. Msemaji wa wageni, mzee mmoja mwenye fimbo, akamaliza salamu zake, akauliza nani wa kumjibu katika nyumba hii.

Jovithe akainuka. Wenye kumjua wakashusha pumzi na kujiegemeza. "Kaka yangu alichagua musemaji wake mbele za watu," akasema, "na si mi." Akanyoosha mkono kwa heshima kuelekea kwa Daphrose, akakaa.

Minong'ono ikapita. Mzee wa fimbo akatazama huku na huku, kana kwamba anatafuta mwanamume aliyesahauliwa mahali fulani. Daphrose akasimama akishikilia kitambaa cha kiti chake, yeye wa kugombeza Bwiza nzima. Kisha akaona pazia likitikisika.

"Mzee, karibu," akaanza. "Umekuja kuomba mutoto. Lakini ukuje ukijua, huyu mutoto ni mwizi wa keki, na baba yake alisema mutatoka jasho."

Mzee akacheka, akatoa leso akajifuta paji la uso ambalo halikuwa na jasho lolote, na watu wakapiga makofi. Hapo maneno yakaja yenyewe. Alimsema mtoto, alimsema marehemu, aliuliza, alikataa, alichokoza, na mzee wa fimbo akawa anasogea mbele ya kiti chake kutafuta jibu. Alikuwa katikati ya neno lililo zuri kuliko yote pale Christa, aliyekuja toka Rumonge kusaidia, alipochungulia kutoka uani ameshika kijiti cha kugeuzia.

"Mama! Mama, njo! Mishikaki inaungua!"

Daphrose hakugeuka.

"Wacha iungue," akasema, na akaendelea kumsemea mtoto wake.